Siku Nilipopeleka Spika Ng'ambo ya Korongo

Jamani, mimi nina aibu moja ambayo nikiikumbuka, hata kama niko peke yangu migombani, naangalia kwanza kushoto na kulia nisije nikaonekana naikumbuka. Ninazo nyingine ndogo ndogo (niliwahi kumpa shikamoo mtoto wa shule ya msingi kwa sababu ya ukungu, na yule mtoto bila haya akaitikia marahaba na kuniuliza habari za nyumbani), lakini hizo ni za kuchekea tu. Hii ninayowaambia leo ni aibu kubwa, ilinivua koti mbele ya ukoo mzima na ukoo wa watu wengine, na pombe sikuwa nimeonja hata ya kupakwa mdomoni.

Sasa mjue kwanza kazi yangu. Mimi ni mchoma ndafu huku kwetu Machame, mbuzi mzima anasimama kwenye meza na jani mdomoni kama anataka kusema neno, basi huyo amepita mikononi mwangu. Shule tuliachana mapema, yeye akaenda zake na mimi nikaenda kwenye makaa. Kwa huo moshi wa miaka yote macho yangu yamekuwa mekundu, mekundu kweli, ng'ombe akiniangalia anadhani jua linazama na anaanza kurudi zizini. Pombe niliacha zamani kwa ajili ya vidonda vya tumbo, mbege ya ndizi ikipita karibu yangu mimi nageuza uso kama nimemwona mtu ninayemkwepa, lakini nani ataamini, na macho hayo?

Kaka yangu Elifuraha, Mungu amlaze pema, alikuwa msemaji wa ukoo wetu. Ee bwana, yule mtu alikuwa na sauti! Akitoa neno la shukrani kwenye arusi, mawingu yanafunguka kule juu mlimani theluji ionekane nayo isikilize. Nikiwa mdogo nilikuwa nakaa chini kwenye majani ya mgomba, chakula kimepoa mkononi, namwangalia kaka anasema, nafikiri moyoni kwamba siku moja na mimi nitasimama hivyo, mkono mmoja mfukoni, mwingine unachora hewani. Hizo jioni mpaka leo nazinusa. Kahawa ilikuwa inachanua nyeupe kote, akina mama wanaimba nyuma ya nyumba, na kaka kasimama katikati.

Kaka alipofariki akaacha binti yake Anande, nami nikawa ndiye baba. Anande akapata mchumba, kijana mstaarabu anaitwa Godlisten, wa kule chini Pasua. Baba yake ni Mzee Aminieli, mzee wa kanisa, mtu mrefu mkavu kama mti wa umeme, hacheki mpaka apewe ruhusa. Siku walipokuja kuposa, mambo yote yalikwenda vizuri, tukala, tukasali, halafu mzee akasafisha koo akasema:

"Mkwe, mimi nina neno moja tu. Kijana wangu wa kwanza nimemzika kwa ajili ya pombe. Niliapa kaburini, nyumba yenye mlevi sitaungana nayo. Niambie kwa kinywa chako. Hapa kuna mlevi?"

"Mzee wangu, hapa hakuna."

Akaniangalia macho. Akaniangalia tena.

"Na hayo?"

"Ni kazi, mzee. Moshi wa kuni."

"Haya," akasema, lakini ile haya ilikuwa na mlango wazi nyuma yake. "Siku ya sendofu, mkimuaga binti, nitakuja kuona mwenyewe. Nikiona vingine, arusi hakuna."

Anande alisikia hayo akiwa mlangoni na sinia la chai. Wageni walipoondoka akanishika mkono. "Baba mdogo, nakuomba. Mimi nampenda Godi." Mtoto hajawahi kuniomba kitu tangu baba yake afe. Nikamwambia mwanangu, lala usingizi, siku hiyo nitaongea mpaka hao watu wa Pasua waombe kuhamia huku.

Basi siku ya sendofu ikafika, hapo hapo kwenye kihamba cha kaka, shamba letu la ukoo, maturubai yamefungwa kwenye miti ya migrevilea, viti vya plastiki mpaka kwenye kahawa, ndafu nimechoma mwenyewe tangu alfajiri, mbuzi anang'aa kama amepakwa mafuta ya nywele. Nikaoga, nikavaa suti ya marehemu kaka (mikono ilikuwa mirefu kidogo, nikaikunja kwa ndani). Mtu wa muziki alikuwa Fundi Saidi wa Majengo, mtu mzima mwenzangu, ana spika mbili kubwa kama makabati. Alikuwa amezipanga vizuri tu pale mbele, kila mtu atasikia, hakuna shida.

Na hapo ndipo shetani akanigusa bega.

Mbele ya kihamba chetu kuna korongo, na ng'ambo ya korongo kuna nyumba za wazee wa rika la kaka, wengine magoti yamekataa, hawawezi kuteremka na kupanda. Nikamwambia Fundi Saidi, "Fundi, hizi spika peleka ng'ambo, tundika kwenye ule mti mkubwa, wazee wasikie."

"Zote mbili?"

"Zote."

"Na hapa je?"

"Hapa watu wana masikio yao, fundi. Zielekeze huku huku, zitasikika kote kote."

Nikisema ni kwa ajili ya wazee nitakuwa nimewadanganya. Ng'ambo kule kuna mzee mmoja, sitamtaja, alishasema kwamba tangu Elifuraha afe ukoo wetu umebaki na mtu wa kuchoma nyama tu. Nilitaka neno langu limkute kitandani, limtoe na shuka.

Fundi Saidi akaguna, akavuta waya, akavuka nao korongo, akatundika. Akapiga muziki kidogo, ukaja safi kabisa kutoka ng'ambo, akina mama wakaanza kutikisa mabega. Nikashika maiki nikasema "alo, alo," ikaitika. Nikaona mambo ni moto. Mshereheshaji nilikuwa nimeshamfukuza tangu wiki hiyo, nikasema mshereheshaji ni mimi mwenyewe. Mchungaji akaomba kwa mdomo wake tu, akakaa. Mama Happy, mke wangu, akanisogelea akanifuta makaa sikioni akasema, "Baba Happy, sema taratibu." Laiti ningemsikia!

Nikasimama. Mkono mmoja mfukoni. Mzee Aminieli yuko kiti cha mbele, mkewe Mama Godi kushoto, binti yao Neema (huyu ni muuguzi mjini, anawafundisha kusema tena wale waliopata kiharusi) kulia. Anande kakaa pale kwenye kiti cha maua, mzuri mpaka nikamkumbuka mama yangu. Nikavuta pumzi, nikaanza.

"Ndugu zetu wapendwa..."

Jamani. Nimesema "ndugu zetu" nimeshafika kwenye "wapendwa", mara nasikia mtu ng'ambo anasema "ndugu zetu". Sauti ni yangu! Mimi niko huku nasema hili, yule wa kule bado yuko kwenye lile, na ulimi wangu, ambao haujawahi kunisaliti hata siku moja, ukasimama kama punda darajani ukauliza, sasa tumfuate nani?

"Ndu-ndu-nduguuu... zetuuu... wa-wa-wapeee..."

Nikafikiri labda ni hofu, nikaongeza sauti. Ndiyo nikaharibu zaidi! Kadiri ninavyopaza, ndivyo yule wa ng'ambo anavyopaza, ndivyo maneno yanavyorefuka mdomoni kama ugali wa muhogo. Nikataka kusema "leo ni siku ya furaha", ikatoka "leeeo niii si-si-sikuuu yaaa fu-fu-fu" na hiyo fu ikagoma kabisa kuendelea. Nikanyamaza, nikaanza upya. Ikawa vile vile. Wallahi (nimeazima kwa Fundi Saidi) nilidhani ni kiharusi, nikajipapasa mdomo kama umekwenda upande.

Nyuma kule kwenye migomba wakaanza.

"Aaa, huyu ameshalamba!"

"Baba Happy, punguza gia!"

"Mleteeni ndizi ashushie!"

"Ruwa, Mungu wangu," shangazi mmoja akashika kichwa, "na ile sketi yangu niliyoshona ya arusi!"

Nikamwona Mzee Aminieli anaanza kukunja uso, taratibu, kama mtu anayekunja mkeka. Nikamwona Anande ameshika mdomo. Sasa mtu mwenye akili angeweka maiki chini. Mimi nikaona nijitetee, tena kwa maiki ile ile, nikasema kwa nguvu zangu zote kwamba mimi sijalewa. Jamani, ndugu zangu, jaribuni wenyewe mkifika nyumbani, hilo neno likivutwa hakuna neno la kilevi kuliko hilo. "Miiimi siii-ja-leee-leee-lewaaa!" Na ng'ambo nako, wazee wa watu vitandani mwao, wanapokea: "...leee-lewaaa!"

Watu wakapasuka. Mbwa wakabweka. Nikasema basi niwaonyeshe kwa miguu, kwa sababu mlevi hawezi kutembea mstari ulionyooka, nikanyoosha mikono kama ndege nikaanza kutembea kuelekea kwa Mzee Aminieli, hatua nzuri kabisa, za mwanajeshi, ila sikuona kwamba waya wa maiki umejizungusha kwenye mguu wangu na kwenye mguu wa meza ya ndafu. Nikaenda chini. Meza ikaja. Na mbuzi wangu, niliyemchoma kwa upendo tangu alfajiri, akaruka kutoka kwenye sinia akaja kunilalia kifuani, uso kwa uso, jani bado liko mdomoni.

Nikiwa chini pale namwangalia mbuzi, nilisikia kitu kimoja tu. Anande analia. Hakuwa analia kwa sauti, alikuwa analia kile kilio cha mtu anayejua kwamba mambo yake yamekwisha.

Mzee Aminieli akasimama. Akaja mpaka nilipo, akainama, nikadhani ananiinua. Hapana, aliokota maiki. Akaipangusa mafuta kwa leso, akasimama wima, watu wote kimya, hata mbwa. Alikuwa anakwenda kuivunja ile arusi kwa heshima, kama mzee wa kanisa anavyotakiwa.

"Wa-wa-wapendwaaa," akasema Mzee Aminieli, "ka-ka-katikaaa Bwa-bwa-bwaaa..."

Akaangalia maiki. Akaangalia ng'ambo, kule ambako mtu mwenye sauti yake alikuwa bado anamalizia "bwaaa". Akajaribu tena kwa ukali zaidi, ikatoka mbaya kuliko yangu, mtu ambaye hata juisi ikilala usiku mmoja hainywi!

Mkewe ndiye aliyeanza. Nilisikia kicheko kama kuku anayetaga, nikageuza kichwa chini ya mbuzi, nikaona Mama Godi ameshika mbavu.

"Baba Godi! Na wewe!"

"Mimi sijanywa!" mzee akafoka, safari hii maiki ikiwa mbali na mdomo, na neno likatoka limenyooka kama fimbo. Akashtuka mwenyewe. Akasogeza maiki. "Siii-ja-nywaaa." Akaiondoa. "Sijanywa." Akamkabidhi mkewe kama mtu anayekabidhi nyoka. "Hebu sema wewe, mama."

"Bwa-bwa-naaa Ye-ye-suuu," akasema Mama Godi, akacheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi na gauni lake la kitenge.

Mnajua kilichofuata? Ikawa foleni! Shangazi wa sketi akajaribu, akashindwa. Mchungaji akajaribu, akaishia kwenye "a" ya amina. Bibi mmoja asiye na meno akatokea nyuma ya migomba akasema na yeye anataka kulewa bila kunywa. Fundi Saidi akavuka korongo mbio akidhani mitambo yake inaungua. Neema ndiye aliyekuja kunitoa yule mbuzi kifuani, machozi ya kicheko yanamtoka, akanieleza huku ananifuta mafuta.

"Baba mdogo, hii naijua. Mtu akisema, ubongo wake unategemea sikio. Ulimi unatoa neno, sikio linarudisha habari kwamba neno limetoka, ubongo unatoa lingine. Sasa sikio lako lilikuwa linapata habari zilizochelewa, kutoka kule mbali. Ubongo unadhani neno bado liko mdomoni, unalivuta, unalirudia."

"Kwa hiyo siyo kiharusi?"

"Siyo kiharusi, baba mdogo. Ni spika zako."

Mimi nikaelewa kwa namna yangu. Ni kama watu wawili wamebeba benchi refu njia ya migombani, wa mbele ni ulimi, wa nyuma ni sikio. Wakienda sawa, hata hawajui kama wamebeba. Wa nyuma akichelewa kidogo tu, wote wawili wanayumba, na benchi linawatupa mtaroni. Miaka yote hiyo ninaongea, naongea kuliko redio, sikujua kwamba kila neno langu lina mtu wa nyuma anayelisindikiza. Nilidhani ni mdomo tu.

Sasa Mzee Aminieli akapotea. Tukaangalia huku na huku, Anande akaanza kuhangaika tena, kumbe mzee ameenda mpakani mwa kihamba, kwenye masale. Wachagga wenzangu mnajua, jani la sale likifungwa fundo na mtu akakuletea, anakuomba msamaha, na huwezi kukataa hata kama alikuchomea nyumba. Mzee akarudi nalo, na urefu wake wote, na uzee wake wote wa kanisa, akaniletea mimi niliyejaa mafuta ya mbuzi.

"Mkwe," akasema kwa mdomo mtupu, "nilisimama ili nivunje. Maneno yalikuwa yameshafika hapa." Akajigusa shingo. "Nimekuhukumu kwa macho yako, na leo ningehukumiwa mimi kwa mdomo wangu. Nisamehe."

Nikalipokea jani kwa mikono miwili. Nikamkumbatia na mafuta yangu yote, koti lake jeusi likaharibika (alilivaa hivyo hivyo kwenye arusi, alikataa kulisafisha, mkewe akanung'unika mwaka mzima).

Halafu nikamwambia Fundi Saidi azime. Nikawaambia watu, sogeeni. Wakabeba viti vyao wakasogea, mpaka magoti yao yakagusana na yangu, na kule ng'ambo wakakosa, ndiyo hivyo. Nikasema na Anande, sauti yangu ya kawaida, ile ya kuulizia chumvi.

"Mwanangu, baba yako angesema vizuri kuliko mimi. Mimi nimesema mpaka nimeangukiwa na mbuzi. Ninachokijua ni kimoja. Ulikuwa mtoto wa kaka, leo unatoka hapa ukiwa mtoto wangu, na mlango huu haufungwi. Nenda na watu hawa, nimewaona, ni watu wazuri."

Mkono haukuwa mfukoni. Ulikuwa unatafuta leso.

Miaka imepita sasa. Godi na Anande wana watoto, wakubwa wale, wananisalimia kwa kunivuta maneno, wajinga hao, "Shi-shi-shikamooo babuuu," na mimi naitikia vile vile. Fundi Saidi aliuza mitambo akaenda Kahe, analima vitunguu, akinipigia simu lazima aulize kama sauti yangu imeshapata lifti ya kuvuka korongo. Ule mti tuliotundikia spika umeanguka, na wazee wengi wa ng'ambo wamekwenda. Mzee Aminieli naye tulimzika mwaka juzi. Wakati wa uzee wake alikuwa anapanda huku kila Krismasi, tunakaa mimi na yeye nyuma ya nyumba karibu na makaa, namkatia kipande cha ini, tunaongea kwa sauti ndogo mpaka baridi inatufukuza ndani. Mtu aliyekuwa hacheki! Alikuwa akianza kucheka anashika goti langu kwanza, kama mtu anayevuka mto. Natamani jioni moja tu ya hizo irudi.

Mwezi uliopita nikaalikwa kumtoa binti wa binamu yangu, vijana wakaja na maiki mpya isiyo na waya, inawaka taa za kijani, wakanishikisha. Nikaishika, nikaigeuza geuza, nikawarudishia wenyewe. Nilishaapa, mimi kwenye kitu chenye waya, au kisicho na waya, au chenye taa, sisemi tena mpaka nizikwe. Anayetaka kunisikia abebe kiti chake aje. Na ule mlima, kama na wenyewe unataka, usogee.